Mama anasubiri sendoff ya dada ipite ndipo akatibiwe

Admin, naomba jina langu lisionekane, hata herufi ya kwanza usiweke. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, naishi Ipagala hapa Dodoma na mama na dada yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mimi si muongeaji. Darasani jibu la Kiingereza ninalo ila mdomo haufunguki, ndiyo maana haya nayaandika.

Dada anaolewa. Nyumba nzima siku hizi ni yeye: gauni lake, ukumbi wake, keki yake. Nikimwita mama naambiwa subiri, tunaongea mambo ya sendoff, sherehe ya kumuaga. Namwonea wivu, sikatai. Lakini nina wivu mwingine ambao hakuna anayeujua.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama hospitali kuchukua majibu. Daktari akamwambia, "Mama, ni saratani ya titi. Umewahi, inatibika, ila usikae nayo. Wiki ijayo njoo tuanze dripu za dawa." Tulipotoka nje mama akajifunga kanga upya, akasema, "Dada yako asijue. Nikianza hizo dripu nywele zitatoka. Nitasimamaje mbele ya wakwe kulishwa keki na kichwa kitupu? Sherehe ikipita tu, naenda." Akaniapisha kwa kaburi la baba. Sherehe ilikuwa karibu, nikanyamaza.

Juzi wakwe wakapiga simu kutoka Haneti. Wanaomba tusogeze sherehe mbele mpaka wamalize kuvuna uwele, hawawezi kuacha mashamba sasa hivi. Mama akajibu, "Hakuna shida, wavune kwanza." Nikajikuta nimesema, "Isisogezwe." Hata mimi nilishtuka. Dada akacheka, "Mdogo wangu, wivu utakuua. Na wewe zamu yako ikifika tutakuchinjia ng'ombe." Mama wadogo waliokuja kupanga sherehe wote wakacheka. Mama naye akacheka, ila hakunitazama.

Siku ile ya majibu tulikaa benchi moja na mama mmoja wa Chemba na binti yake. Jana nimewaona sokoni. Yule mama ameshaanza dripu, kichwani hana hata unywele, amekonda, anabishana na muuza nyanya. Binti yake kambebea kapu. Nilijificha nyuma ya magunia nikalia. Nilimwonea yule binti wivu kwa kile kipara cha mama yake kuliko nilivyowahi kumwonea dada kwa chochote.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mama anajaribu sare yake ya sherehe. Nilipovuta zipu akaguna. "Fundi kabana," akasema. Fundi hajabana. Kwapa limevimba, nimeliona.

Nikimwambia dada nitakuwa nimevunja kiapo, na yeye atasema nimetafuta njia ya kumharibia siku yake. Kinachonitesa ni kwamba siwezi kuapa kuwa hamna hata chembe ya ukweli hapo. Nawaza, nikisema, nitakuwa nasema kwa ajili ya mama au kwa ajili ya roho yangu? Ila uwele wa Haneti bado haujakauka, na mama anausubiri.

Dada zangu mlioolewa, ungekuwa wewe ndiye bibi harusi, ungependa kuambiwa? Na mimi nisiyejua kuongea, nianze na neno gani?