Salama ya Mdomoni

Alipopewa umeneja wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, dada mmoja alirithi ofisi, funguo na utaratibu mmoja wa usalama. Kila asubuhi meneja alipita mashine hadi mashine akiuliza, "Salama?" Mfanyakazi akijibu, "Salama," meneja husogea mbele. Aliyemtangulia alipita hivyo hivyo, mpaka siku mkamuaji mmoja, mwendesha mashine ya kukamua maji, alipojibu "salama" na mashine yake ikamvunja mkono kabla ya saa ya chai. Alipoulizwa kwa nini hakusema kuwa inatikisika, mkamuaji alishangaa. Yeye alidhani anasalimiwa.

Dada alipohadithiwa alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mtu hata akiwa hoi kitandani, ukimjulia hali husema hajambo, ndipo aanze kuyataja maradhi. Yeye mwenyewe, akitoka kumzika baba yake, aliulizwa habari akajibu nzuri.

Basi akaachanisha mambo mawili. Alisalimia kwanza, salamu kamili, ya nyumbani na ya watoto. Salamu ikiisha, aliuliza, "Leo ni kitu gani kinakutia wasiwasi?"

Hakuna aliyemjibu. Walimwona mpelelezi. Mama Pacha, mpiga pasi mwenye ulimi usio na breki, alimweleza sababu mbele ya wote.

"Mwanangu, hapa anayesema kitu kimeharibika ndiye huambiwa amekiharibu."

Dada alilala na neno hilo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakusema afanyeje mgonjwa ambaye kila akijitaja hupigwa. Akaendelea kuuliza.

Asubuhi moja, lori la hospitali likisubiri nje, Mama Pacha alisema kwamba wasiwasi wake ni boila la kuchemshia maji ya mvuke. Linakohoa. Wenzake wakaangua kicheko, na mtunza boila akashauri linunuliwe dawa ya kifua. Dada naye nusura acheke. Boila lilikaguliwa juzijuzi tu, na Mzee, mwenye kiwanda, alikwisha kuahidi mashuka yatatoka mapema. Akilizima kwa ajili ya kikohozi kisichokuwapo, ataitwa mwoga. Akipita, hataambiwa tena kitu na mtu yeyote humu ndani.

Akaagiza moto uzimwe, kisha akampigia Mzee simu mwenyewe.

Mzee alifika amenuna, akasimama kando huku fundi akifungua vali ya kutolea mvuke. Ilikuwa imeziba kwa chokaa ya maji, imeshikamana kama jino. Fundi alijifuta jasho akasema kwamba presha ingepanda, mvuke usingekuwa na pa kupitia, na wa kwanza kuupokea wangekuwa wapiga pasi.

"Nani aliyesema?" Mzee aliuliza.

Dada alifikiri kujitaja yeye, lakini Mama Pacha alikwisha kuinua mkono, macho yakiwa kwenye kandambili zake.

"Na kama fundi asingekuta kitu?" Mzee alimuuliza.

"Ningelizima tena kesho akisema tena," dada alijibu kwa niaba yake.

Mzee akavuta kikapu cha mashuka, akakigeuza, akakikalia, na kupiga simu hospitali. Alisema mashuka yatachelewa, lawama ni zake.

"Lakini watu wangu wote ni wazima," alimalizia, na hapo sauti yake ikalegea. Akamgeukia Mama Pacha akamshukuru.

Dada aliegemea ukuta. Mtunza boila akamsogelea, akajikuna kichwa, akasema kwamba, maadamu leo ni siku ya kusema, mlango wa nyuma umekwama na moto ukitokea hautafunguka. Mpiga pasi mwingine akataja waya uliochubuka. Wa tatu akaleta habari ya bomba la chooni.

"Hilo nalo ni hatari," alisisitiza, "kwa anayetumia."

Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawaambia waongee mmoja mmoja.