Nilivyomkemea Manka kwa Kuruka Vijiji

Sebuleni kwangu Rau tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu Manka, binti wa mwanangu Elisante, na wifi yangu Aikande, dada wa marehemu mume wangu. Manka alicheza gemu yenye nchi nzima ndani. Akabonyeza ramani, mara mtu wake kafika mlimani.

"Amepitaje vijiji vyote bila kusalimia?"

"Bibi, hivi ni haraka."

"Mtembeze kwa miguu! Mimi tangu niolewe sijaruka mlango wa mtu."

Akamtembeza, anasimama kila kijiji, nami najisifu.

Aikande akaweka kikombe chini. "Wifi, juzi Kiboriloni si ulipita kwangu na bodaboda, kanga umejifunika usoni? Nikakupungia."

Manka akaangua kicheko.

Nadhani ilikuwa Jumanne. Nikikosea, mlioniona mnisahihishe.