Ndala za Bakari

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, mwanangu, nilipokaribia kuwaua watu wawili kwa kubonyeza herufi moja. Nimeukumbuka kwa sababu yako. Jana nilikuona kwenye kompyuta ya zahanati hapa Kahama ukisasisha programu. Uliandika amri yako, na mwisho wa mstari ukaweka kabisa ile alama ya ndiyo, ili mashine isikusumbue kwa maswali. Nilinyamaza kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanatutazama, nami si mtu wa kumwaibisha mtoto mbele za watu. Leo hakuna mtu, kaa nikusimulie.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka Mwanza na cheti changu cha kompyuta, na maringo yamenijaa kama mpunga kwenye gunia. Niliajiriwa kwenye mgodi mmoja mdogo upande wa Katoro, jina lake nitalihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kuandika anayeshuka shimoni na anayepanda. Kila mchimbaji alikuwa na namba. Akishuka naiingiza, akipanda naitoa, na kompyuta inaniambia chini wamebaki wangapi. Kila siku saa kumi jioni mwamba ulilipuliwa kwa baruti, na fundi wa baruti hakugusa waya mpaka nimpe fomu yenye saini yangu kwamba chini hakuna mtu.

Mdomoni mwa shimo aliketi Mzee Luhende, Msukuma wa vijijini Shinyanga, aliyegawa kofia na mabuti. Wachimbaji walivua ndala zao pale, wakavaa mabuti, na mzee akazipanga ndala juu ya ubao mrefu, jozi kwa jozi. Nilimcheka sana kwa mpangilio ule. Nilimuuliza lini duka lake la viatu litapata wateja. Naye alicheka tu, hakuwa mtu wa hasira.

Siku hiyo, saa nane mchana, intaneti ya dishi ilikuwa nzuri kuliko kawaida, nikaona programu yetu ya kuandikia watu ina toleo jipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kompyuta ile, kama yako, ilikuwa ya zile ambazo unaandika amri moja kwenye skrini nyeusi, yenyewe inakwenda kuzichota programu mpya na kuzipanga mahali pake. Busara ilitaka nisubiri zamu iishe. Sikusubiri, kwa sababu meneja alikuwa anakuja kesho yake na nilitaka anisifu. Kazi ilipofika katikati, mashine ikasimama, ikaniuliza swali refu la Kiingereza: faili la mipangilio mlilolibadilisha ninyi wenyewe, nilibakize, au niweke jipya nililokuja nalo? Sikulisoma mpaka mwisho. Nikabonyeza Y, yaani ndiyo, weka jipya.

Lile faili la zamani ndilo lililoionyesha programu mahali ilipokaa orodha yetu ya watu. Jipya likaionyesha orodha nyingine, tupu, isiyo na jina hata moja. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa mbachao na watu bado wameulalia.

Mashine ikiendelea na kazi yake, wachimbaji walianza kupanda. Niliwapungia mkono wapite, nikisema nitawatoa kwenye orodha baadaye. Kompyuta ilipowaka upya ikaandika: chini, sifuri. Saa hiyo sifuri ndiyo niliyoitaka, basi sikuitilia shaka. Nikajaza fomu, nikatia saini kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa fundi.

Fundi alikuwa ameshaufikia waya Mzee Luhende aliposimama mbele yake.

"Jozi mbili hazijavaliwa," akasema.

Nilitoka ofisini nimekunja uso. Nikamweleza mzee, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba kompyuta haihesabu viatu, na kwamba hao wawili huenda wameondoka na mabuti. Hakunitazama. Aliinua ndala moja ya buluu, kamba yake imefungwa kwa waya.

"Hii ni ya Bakari. Saa ya sala yake imefika na bado hajanawa miguu pale bombani. Na katambuga hizi za tairi ni za Shija. Ngoja kwanza."

Bakari alikuwa mtu wa Tanga, na tangu aje kuchimba kwetu hakuna aliyewahi kumwona akiikosa sala ya alasiri. Fundi akaitazama fomu yangu, akazitazama zile ndala, akaamua kufuata ndala. Kengele ikapigwa, mtu mmoja akashuka na tochi kuwatafuta. Mwanangu, sijawahi kusubiri kama nilivyosubiri pale. Nilikaa kwenye vumbi na sketi yangu ya ofisini.

Walipanda wote wawili, matope mpaka kifuani. Walikuwa wakitengeneza pampu ya maji, hatua chache tu kutoka kwenye mwamba uliotegwa baruti, na kelele za pampu ziliwazuia kusikia kengele. Hawakujua lolote, ila aliyewafuata alikuwa amewaambia kompyuta inatengenezwa. Bakari alivaa ndala zake, akanisogelea kwa ule uungwana wake wa pwani, akaniuliza, "Dada, umeshamaliza kuitengeneza kompyuta yako?"

Nililia mbele yake naye hajui ninalia nini.

Mzee Luhende alingoja watu waondoke, akanikalisha kwenye benchi la mabuti. Nikaanza kuilaumu kompyuta kwamba imenidanganya. Akanikatiza.

"Ng'wanone," akaniita mwanangu kwa Kisukuma, "mashine haikudanganya. Ilikuuliza, ukaitikia usichokisikia. Kisha ukawawekea saini watu ambao hukuwaona."

Akaniambia kesho yake niwaeleze Bakari na Shija mwenyewe, kabla hawajashuka, kwani si haki mtu kushuka kwa neno la mtu aliyemficha ukweli. Nilikwenda. Shija alinitukana, na nilistahili. Bakari alisema atashuka, ila kuanzia siku hiyo nisitie saini mpaka nimehesabu ndala na mzee. Nilihesabu kila siku mpaka nilipoacha kazi ile.

Kwa hiyo nisikilize. Sikukatazi kusasisha, programu iliyozeeka ni mlango usio na komeo, na wezi wa siku hizi hawahitaji kufika Kahama kuujaribu. Lakini sasisha watu wakiwa wameshapanda. Cha zamani kiwekee nakala pembeni, na kipya kijaribu kwanza kwenye kompyuta ambayo hakuna mgonjwa anayeitegemea. Soma vinavyokuja, na vinavyoondolewa visome mara mbili. Ile alama ya ndiyo unayoiweka mwisho wa mstari ifute, mwanangu. Mashine ikikuuliza imekuheshimu, nawe uiheshimu kwa kusoma swali. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nilimwona mapema mno.

Na kazi ikiisha, skrini ikikupa jibu lile lile ulilokuwa unalitamani, hapo ndipo uinuke kitini. Hapa hatuna ubao wa ndala, lakini tuna kadi za karatasi na akina mama kwenye benchi. Nenda ukamuulize mmoja jina lake, uone kama kompyuta inamfahamu.

Mungu akujalie mkono usiotangulia macho. Na kila atakayeshuka kwa neno lako, apande salama, azikute ndala zake, azivae, aende kwake.