Manowari ya Nne kwa Jina Lile Lile

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, huku Makote, mjomba ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kuhusu jina, kama ilivyo desturi kwetu. Mjomba ni mwanamaji mstaafu. Alitumikia jeshi la majini miaka mingi, mingi zaidi akiwa mtunza stoo nchi kavu kwa sababu mawimbi yalimtapisha, kisha akarudi kustaafia huku juu ya uwanda, mbali na bahari, ambako hata maji ya kunywa tunayanunua kwa ndoo.

Bibi, mama yake mjomba, alitaka mtoto apewe jina la baba yake yeye Bibi, aliyekwisha kufariki. Mjomba akakataa katakata.

"Mama, jina hilo lina mkosi. Babu alianguka kwenye mkorosho akafa. Kaka yako akalirithi, akavuka kwenda Msumbiji, hajaonekana mpaka leo. Wa tatu ni mimi."

"Wewe una nini?"

Mjomba akatusimulia habari za manowari ya kigeni iliyowahi kutia nanga bandarini kwao. Walipokaribishwa ndani, aliona ukutani kibao cha shaba chenye orodha ya manowari zilizotangulia kwa jina lile lile, karne baada ya karne. Ya kwanza ilizama kwenye dhoruba. Ya pili iliungua. Ya tatu ilitobolewa na adui. Akamuuliza ofisa wao kwa nini hawabadilishi jina, naye akajibu kifua mbele kwamba jina hilo lina heshima kubwa.

"Watu wazima, tena wasomi!" mjomba akasema.

Bibi hakuacha kupepeta mtama wake. "Na hiyo uliyopanda wewe, ilikuwa inaelea?"

"Ilikuwa inaelea."

"Basi."

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Mtoto akapewa jina lile lile.

Wiki chache baadaye mjomba alikwenda Newala kunifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Karani akaruka herufi moja, likatoka jina jingine kabisa, jipya, lisilo na marehemu hata mmoja. Mjomba angenyamaza tu, asingelaumiwa na mtu.

Alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshinda kwenye benchi la ofisi akigoma kuondoka mpaka waandike upya.

"Walitaka kutuharibia jina letu," akaniambia kwa hasira, akinikabidhi karatasi.

Kisha akaingia ndani kumwamkia mama yake.