Bunduki ya Mgeni wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na bunduki isiyo yake, na alitaka kulijua jina la mwenyewe kabla hajafa.

Alinieleza hayo nyumbani kwake, nje kidogo ya Msimbati, niliporudi kutoka bandarini nilikobeba magunia ya korosho msimu mzima. Kifua kilikuwa kimembana, anaongea na kupumzika. Ujanani, wakati wa vita vya uhuru vya Msumbiji, aliwabebea wapiganaji mizigo hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mmoja wao akawa rafiki yake, wakilala mkeka mmoja. Siku moja yule rafiki alivuka bila silaha, akamwachia bunduki akisema ataifuata. Hakuifuata, na mjomba hakusikia tena habari zake.

"Nataka kumsomea hitima," alisema mjomba. "Maalimu ataniuliza jina lake na la baba yake. Mimi nalijua lile la vitani tu."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini simu hunitafsiria chochote, na wakati huo nilikuwa nimezama katika habari za bunduki za majaribio za Chekoslovakia. Mafundi walitengeneza chache, kila moja na tofauti yake, zikajaribiwa kwenye matope na mchanga. Iliyoshinda ilitengenezwa kwa wingi. Zilizoshindwa ziliishia stoo, na nyingine hakuna ajuaye zilikokwenda. Mjomba aliposema ile ilitoka kwa Wacheki, na kwamba magazini za risasi za wapiganaji wengine hazikuingia humo hata wakamtania rafiki yake kuwa amepewa fimbo, nilidhani huenda ni moja ya zile zilizopotea. Nilimwandikia mtafiti mmoja wa huko. Alijibu kwamba nikimpa namba iliyochongwa kwenye bunduki, huenda ikajulikana ilipelekwa wapi na nani aliipokea.

"Darasani ulishindwa kukaa, leo unasoma Kicheki," alisema mama, dada yake mjomba.

"Inasoma simu, mama. Mimi nasikiliza."

Tuliifukua shambani, chini ya mkorosho, ikiwa ndani ya turubai. Kila baada ya mavuno mjomba aliifukua na kuipaka mafuta ya maganda ya korosho, yaleyale tunayopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.

"Angalia mti wake," alisema. "Hakuna mdudu aliyegusa."

Kweli, mti wa kitako ulikuwa mzima. Lakini juu ya chuma mafuta yalikuwa yameganda mwaka juu ya mwaka, gamba jeusi gumu kama lami. Tulililainisha kwa mafuta ya taa, tukalisugua polepole kwa kitambaa. Lilibanduka pamoja na kutu. Palipopaswa kuwa na namba palikuwa na vishimo tu.

Mjomba alipapasa. "Hapa palikuwa na maandishi. Zamani nilikuwa nayasikia kwa kidole."

"Mafuta yameyala," nilisema.

"Niliyapaka mimi."

"Ulikuwa unaitunza, mjomba."

Alivuta turubai, akaifunika.

Serikali ilikuwa imetangaza muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, nikaipeleka kituoni pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Askari aliigeuza, akauliza ni aina gani. Nikaanza kumweleza habari za Wacheki. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Ndugu yangu, hii hata panya haimtishi," akaiweka kwenye rundo la magobore.

Ijumaa maalimu alikuja. Mama alikuwa ameshaloweka mchele wa chakula cha hitima.

"Tumsomee kwa jina hilohilo la vitani," alisema maalimu. "Mungu anamjua."

"Lile alilitumia ili asijulikane," alisema mjomba. "Siwezi kumwita nalo kwenye dua."

"Basi tuwasomee marehemu wote."

"Na yeye kama yu hai?"

Maalimu alichukua kikombe chake cha chai. Mjomba akamwomba radhi kwa kumsumbua, akajilaza na kugeukia ukutani. Maalimu alimaliza chai yake, akaaga.

Mama aliuchuja mchele, akautandaza kwenye ungo, akautoa nje kuuanika.