Siku Niliyomwambia Baba Mkwe "Sori"

Nacheka sasa, lakini msidhani siku ile nilicheka. Mpaka leo nikipita Sakina, kule juu njia inakoteremka kwenda boma la mzee Loishiye, huwa nageuza uso nikajifanya natazama migomba, kwa sababu kuna wazee pale bado wananiita jina ambalo mama yangu hakunipa. Wananiita Sori. Naitika, nitafanyaje!

Basi sikilizeni. Enzi hizo Mwingereza bado yupo, mimi ni mwalimu wa shule ndogo ya misheni, kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, baiskeli inang'aa, na ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa kupenda maneno ya Kiingereza. Hili la sori nililipenda kuliko yote. Siku moja sokoni mjini nilimwona bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akimkanyaga mama muuza ndizi, akasema "sori" bila hata kusimama, akaenda zake, mama akabaki anachua kidole, basi, yamekwisha. Mimi badala ya kumhurumia yule mama nikasema moyoni, hawa wenzetu wamefika mbali, jambo ambalo sisi linatuchukua mchana kutwa wao wanalimaliza kwa pumzi moja! (Kwetu Waarusha ukimkosea mtu unang'oa majani mabichi, nyasi za malisho, unayashika mkononi, unasimama mbele yake, naye akiyaona hawezi kukupiga wala kukulaani. Nilikuwa najua hayo tangu utotoni. Sikuwa mjinga, nilikuwa naona haya tu, msomi mzima kushika majani kama mbuzi.)

Nikalichimba neno lile kwenye kamusi ya shule. Kumbe lina ukoo mkubwa: mtu akifiwa wanamwambia hilohilo, ukimkosea hilohilo, usipomsikia mtu vizuri hilohilo ili arudie, na hata kibanda kibovu wanakisema kwa hilohilo. Mwalimu wangu wa zamani aliwahi kunieleza kwamba asili yake ni maumivu, kwamba ni ndugu wa neno lao la kidonda. Hapo ningesimama nikafikiri kidogo. Sikusimama, nikaona raha tu kwamba nimejua.

Sasa, kulikuwa na Namnyaki, binti wa mzee Loishiye. Nilimpenda yule msichana mpaka chakula hakipiti, na nilikuwa na hofu, maana kulikuwa na mtu mwingine huko Sombetini mwenye ng'ombe wengi kuliko wanafunzi wangu, naye alikuwa anangoja sisi tukosee tu. Siku ya kwenda kuzungumza ikapangwa. Asali ya pombe tulipeleka sisi, wao wakaitengeneza, ikawekwa kwenye vibuyu vikubwa karibu na moto ichachuke, na siku hiyo ikatolewa uani wazee waje waketi.

Baba yangu na baba mdogo walitangulia kwa miguu. Baba akaniambia, "Uje unasukuma hiyo baiskeli taratibu, ukifika iache nje ya uzio." Maneno mepesi kabisa. Lakini nilipofika juu ya mteremko nikaona watu wamejaa uani, nikawaza Namnyaki atakuwa anachungulia mahali, nikasema hapana, ngoja nipande, aone mume anavyoingia. Nikapanda. Breki ilishika kidogo, halafu ikaacha kabisa, na mimi huyo, lango la boma nimelipita, kuku wametawanyika, wazee wameinua miguu, nikaenda kuparamia vibuyu vyote viwili. Pombe ya posa yangu mwenyewe ikamwagika ikateremka mpaka kwa mbuzi, na mbuzi wakaanza kunywa.

Nikainuka, soksi moja imeshuka, nikamtazama mzee Loishiye, nikajifuta magoti, nikasema kwa sauti ya darasani, "Sori."

"Anasema nini?" mzee akauliza.

Hapo ningeweza kujiokoa, si ndiyo? Baba alikuwa ananikonyeza mpaka jicho linataka kutoka. Lakini mtu kaniuliza maana ya neno, na mimi ni mwalimu! Nikaanza kufafanua. Nikaeleza la kufiwa, nikaeleza la kutosikia, nikafika mpaka kwenye kibanda kibovu, huku mkono wangu unaonyesha bila kukusudia nyumba ya mzee mwenyewe. Kijana mmoja wa rika langu akaangua kicheko, wengine wakafuata, mzee peke yake hakucheka.

Akasimama, akamwambia baba yangu polepole, "Ndugu yangu, mchukue mwanao. Kumwaga ni ajali. Lakini tangu aanguke anatufundisha."

Akilini nikamwona yule wa Sombetini anaingia na ng'ombe wake, nikamwona Namnyaki anaondoka, na soni yote ya majani ikanitoka palepale, nikageuka kutafuta. Majani yako wapi? Ua umefagiwa kwa ajili yetu sisi wageni, shamba la kahawa limepaliliwa mpaka udongo unang'aa, sioni hata unyasi! Nikatoka mbio nje ya uzio, na njiani nikaona mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe unapanda, umemfunika mwanamke aliyeubeba, huoni ila miguu. Sikuuliza, nikachomoa kwa nguvu kutoka nyuma. Mzigo ukayumba, ukaanguka, mwanamke akageuka.

Mama mkwe. Mtu ambaye kwa heshima yetu sitakiwi hata kukutana naye njia moja, nimesimama naye ana kwa ana, majani yake mkononi mwangu! Alivuta shuka akajifunika uso, mimi nikageukia uzio, tukakaa hivyo, kila mtu na upande wake.

"Yeyo," nikasema kwa uzio, maana ndivyo tunavyomwita mama, "nimemwaga pombe."

"Nimesikia kishindo," akajibu. "Nenda nayo upesi, kabla hajakaa chini. Akishakaa habadilishi neno."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya mzee na majani yangu, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu, si Kimaasai, si Kiswahili, si Kiingereza. Machozi ndiyo yaliyotoka, mbele ya rika langu zima. Mzee akayapokea yale majani, akasema, "Lete asali nyingine." Kisha akaketi.

Namnyaki nilimpata, tuna watoto. Nilikuwa najisifu kwamba mambo yalikwisha vizuri, na kila wageni wakija nawasimulia, wanacheka, nacheka. Mpaka jioni moja, wageni wameondoka, yeye anakusanya vikombe, akaniuliza, "Maji ya ile pombe unajua nani aliyabeba?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

"Mimi. Kutoka mtoni, ya kwanza, na ya pili pia, ulipoleta asali nyingine. Shingo iliniuma mpaka siku ya harusi. Majani ulimpelekea baba. Mimi je?"

Sikupata usingizi. Asubuhi nikachukua mtungi wake nikaenda mtoni, mwanaume mzima, mwalimu, nikaujaza, nikaupandisha mlima huku maji yananimwagikia mgongoni. Wenzangu wa rika walikuwa wamekaa njiani. Wakaita, "Sori! Leo umeolewa wewe?"

Nikawaitikia, nikapita. Namnyaki alinipokea mtungi mlangoni, akachungulia ndani, yalikuwa yamebaki nusu.

"Rudi," akasema.

Nikarudi mtoni.