Samadi ya Shamba la Juu

Mvua ikilowesha samadi zizini, mimi hufunga dirisha harufu isiingie. Wanangu husema naringa, mtu mwenyewe nashinda jikoni kama kuku anayeatamia.

Nilipokuwa mtoto, shamba letu la juu, kule mlimani, lilikuwa limechoka. Mahindi yalitoa magunzi matupu. Bwana shamba alimshauri mama achimbe makinga maji na kuweka samadi kabla ya mvua. Mama akachimba peke yake, wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kubeba samadi kwa tenga. Mlima ulikuwa mrefu, na mimi uvivu nilizaliwa nao, kwa hiyo kila tenga nililimwaga korongoni, nikakaa kidogo, kisha nikarudi nikihema.

"Umefika juu kabisa?" mama aliuliza.

"Nimefika, mama."

"Unahema kama ng'ombe mwenye mimba. Haya, maziwa ya mgando leo ni yako peke yako."

Nikayanywa yote.

Mvua zilipokuja, korongo lilibeba kila kitu. Mahindi ya juu yaliishia magotini, ya njano.

Bwana shamba alirudi. Nilimpa shikamoo yake vizuri, kisha nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Mama, samadi uliweka?" alimuuliza mama.

"Mtoto huyu amebeba mpaka mabega yamechubuka," mama alisema, akinishika kichwa. "Udongo huu umekufa, baba. Wasaidie wengine."

Mama hakulima tena kule juu. Alikuwa akilipita shamba lile akienda kuchota maji, bila kuligeuzia uso.